Nyumba Janja: Unahitaji Habu, au Ruta Yako Inatosha?

Mama mmoja wa Buhongwa, hapa Mwanza, amenunua balbu tatu za kuwasha kwa simu, sasa anauliza kama ni lazima aongeze "kile kiboksi cheupe", yaani habu. Kijana wa Isamilo ameagiza sensa sita za mlango, zimefika salama, lakini simu yake haizioni hata moja. Mwenye nyumba ya wageni kule Bwiru alishauziwa habu mbili, na mpaka leo hajui ya pili ni ya kazi gani. Maswali ya namna hii nayapata kila wiki. Wote watatu walianzia dukani, na ndiyo maana nimeona niandike jibu moja refu, mtu alisome kabla hajatoa hela.

Jibu halitegemei sana una vifaa vingapi. Linategemea unataka nini kiendelee kufanya kazi siku bando limekata, au umeme uliokatika jioni umerudi saa nane usiku. Kazi yote ni ya jioni mbili: ya kwanza unaandika, ya pili unazima intaneti na kuangalia kinachokufa.

Habu ni nini, kwa ufupi tu

Vifaa vya nyumba janja, yaani balbu, plagi na sensa zinazoungwa na simu, haviongei lugha moja. Simu na ruta vinaongea Wi-Fi. Sensa nyingi ndogo za betri zinaongea Zigbee, na ruta ya kawaida haina redio ya kuisikia Zigbee hata ukiiweka sensa juu yake. Habu ni mkalimani: upande mmoja inasikia Zigbee, upande wa pili imeungwa kwenye ruta.

Kazi yake ya pili ndiyo watu wanaisahau. Habu nzuri inabeba maamuzi, mfano "mlango wa nyuma ukifunguliwa usiku, washa taa ya korido". Bila habu, uamuzi huo mara nyingi hufanyika kwenye seva ya kampuni iliyo ng'ambo. Taa iliyo mita tatu kutoka kitandani kwako inasubiri ruhusa ya seva hiyo.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Karatasi na kalamu. Usitegemee kumbukumbu, utachanganya.
- Nenosiri la Wi-Fi, na nenosiri la kuingilia kwenye mipangilio ya ruta yenyewe. Hayo ni mawili tofauti. La pili mara nyingi limebandikwa chini ya ruta.
- Simu yenye programu unayotumia tayari, iwe Smart Life, eWeLink au nyingine.
- Balbu au plagi janja mbili za Wi-Fi, hata za kuazima. Bila hizo hatua ya nne haifanyiki.
- Maboksi ya vifaa ulivyokwisha kununua. Usiyatupe, alama zilizo juu yake tutazihitaji.
- Kama utagusa swichi za ukutani, fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji. Umeme wetu ni volti 230. Hakuna video inayokufundisha jinsi ya kurudi ukishashikwa.

Hatua kwa hatua

1. Zunguka nyumba, andika unachotaka kitokee

Usiandike "balbu nne, sensa mbili". Andika matokeo: "Taa ya geti iwake giza likiingia." "Nijue mlango wa stoo ukifunguliwa nikiwa kazini." "Feni ya mtoto izime saa kumi alfajiri." Mbele ya kila sentensi andika kitu kimoja zaidi: kisipofanya kazi, nani anaumia? Taa ya sebuleni ikigoma, unanyanyuka na kubonyeza swichi. Taa ya ngazi za nje ikigoma kwenye nyumba iliyojengwa juu ya mawe, mzee anaweza kuanguka. Hayo hayana uzito mmoja.

Hapa nikusaidie kupunguza gharama. Wengi wanaambiwa kwamba taa ya geti inayofuata jua inahitaji mfumo mkubwa. Mwanza tuko karibu na ikweta, na jua huzama likizungukazunguka saa 1 jioni mwaka mzima, linasogea kwa nusu saa hivi tu. Ratiba ya kawaida ya saa 12 na nusu jioni hadi saa 1 asubuhi inatosha Januari, inatosha na Julai. Balbu au plagi nyingi za Wi-Fi zinaweza kuihifadhi ratiba hiyo ndani yake zenyewe. Kwa kazi hiyo peke yake, habu ni hela ya bure.

2. Weka alama ya B kwenye kila kitu cha betri

Sensa ya mlango, ya mwendo, ya maji yanayovuja, ya joto, kitufe cha kubandika ukutani: vyote hivi kwa kawaida havina waya wa umeme. Hesabu B zako.

Kama huna hata moja, uko upande wa "sihitaji". Ukiwa na moja au mbili, unaweza kutafuta za Wi-Fi na ukaishi nazo. Zikifika tatu na kuendelea, anza kufikiria habu kwa dhati. Wi-Fi ni redio inayokula umeme mwingi, kwa hiyo sensa ya betri ya Wi-Fi hulala na kuamka pale tu jambo linapotokea, na bado unabadilisha betri mara kwa mara. Sensa ya Zigbee yenye betri ndogo ya duara aina ya CR2032 inaweza kwenda mwaka na zaidi. Nusu ya kesi ninazoletewa zinaishia kwenye hatua hii, na mwenye nyumba anaona jibu mwenyewe kabla sijasema kitu.

3. Hesabu nafasi kwenye ruta, na jiulize kama ruta inalala nyumbani

Ingia kwenye mipangilio ya ruta, tafuta orodha ya vifaa vilivyoungwa. Simu zote, TV, king'amuzi, kompyuta, simu za wageni wa Jumapili. Kisha ongeza vifaa janja ulivyoandika. MiFi nyingi, yaani ruta ndogo za betri za mfukoni, zina ukomo wa vifaa 10 au zaidi kidogo, na ukishafika hapo balbu ya kumi na moja haiungi, na haitakwambia kwa nini. Ruta za mezani za 4G hubeba zaidi, angalia boksi lake.

Sasa swali zito zaidi. Intaneti ya nyumba yako inatoka wapi hasa? Kama ni MiFi unayoitia kwenye begi asubuhi kwenda nayo kazini mjini, au ni simu ya baba inayogawa mtandao, basi nyumba yako inabaki bubu kila unapotoka. Nimeona hili Igoma, nimeliona Kisesa, na mwenye nyumba analaumu balbu. Kwanza tafuta ruta inayokaa nyumbani. Usinunue kifaa kingine chochote mpaka hilo liishe, hata habu, kwa sababu habu nyingi nazo zinaungwa kwenye ruta hiyohiyo.

4. Zima intaneti jioni moja

Ukiruka hatua zote, usiiruke hii.

Usizime ruta. Tunataka Wi-Fi iendelee, intaneti ndiyo ikatike. Kwa ruta ya laini, zima data kwenye mipangilio yake au toa laini. Kwa faiba, chomoa kebo inayoleta intaneti kutoka nje. Kisha zima data kwenye simu yako pia, maana simu ikiona Wi-Fi haina intaneti inahamia kwenye bando lake kimyakimya na kukudanganya kwamba kila kitu kiko sawa.

Sasa jaribu mambo manne, na uandike jibu la kila moja:

- Swichi ya ukutani: taa inawaka na kuzima kama kawaida?
- Programu ya simu: amri inafika? Vifaa vingine vya Wi-Fi vinatii vikiwa kwenye mtandao mmoja na simu, vingine vinagoma kabisa.
- Ratiba: weka iwake baada ya dakika tano (iweke kabla hujakata intaneti). Imewaka?
- Amri ya kifaa kwa kifaa: "plagi hii ikiwashwa, balbu ile iwake." Hii ndiyo hufa mara nyingi zaidi, kwa sababu uamuzi unafanyika ng'ambo.

Ukimaliza, rudisha intaneti, kisha shusha meinswichi dakika tano na uipandishe. Angalia taa zipi zinawaka zenyewe. Nyumba moja ya Nyegezi niliyoifunga mwanzoni nilisahau jaribio hili. Umeme ulirudi usiku wa manane, taa 11 zikawaka zote kwa mwanga kamili, na kulikuwa na mtoto wa wiki mbili ndani. Tangu siku ile siondoki kwenye nyumba ya mtu bila kushusha meinswichi. Kwenye mpangilio wa kila balbu tafuta hali ya baada ya umeme kurudi, uchague "ikumbuke ilivyokuwa". Kwa balbu za vyumba vya kulala, chagua "ibaki imezimwa".

Linganisha matokeo na ile safu ya "nani anaumia". Kama vitu vilivyokufa ni vya starehe tu, ishi navyo. Kama kilichokufa ni taa ya ngazi za mzee, tayari umepata sababu ya kununua habu, tena habu inayoamua mambo ndani ya nyumba.

5. Pima kuta, umbali na waya

Nyumba nyingi za hapa zimepandishwa kwenye mlima. Sebule iko juu, banda la uani limechimbiwa chini, geti liko chini zaidi, na katikati kuna ukuta wa mawe au jiwe lenyewe la asili ambalo hakuna aliyeweza kulivunja. Mawimbi ya redio hayapendi mawe wala zege. Tembea na simu mpaka kila sehemu uliyoiandika, uone Wi-Fi imebaki vijiti vingapi.

Wi-Fi isipofika, una njia ya kuongeza kirudishi, kifaa cha kuirefusha Wi-Fi. Zigbee ina njia yake: kila kifaa cha Zigbee kinachotumia umeme wa ukutani kinapokea ujumbe na kuupitisha mbele. Plagi moja barazani inaweza kuifikisha sensa ya geti. Vifaa vya betri havipitishi ujumbe wa mwenzake, kwa hiyo sensa kumi za betri haziongezi hata mita moja.

Kama mpango wako ni swichi janja za ukutani, mwombe fundi afungue boksi moja la swichi aone kama kuna nyutro, yaani waya unaorudisha umeme. Nyumba zetu nyingi zimefungwa waya wa laivu tu kushuka kwenye swichi, nyutro imebaki juu kwenye taa. Swichi janja nyingi zinataka nyutro. Zipo zisizotaka, zinajiendesha kwa umeme kidogo unaopenya kupitia balbu, na za Zigbee hufaa zaidi hapa kwa kuwa zinakula kidogo kuliko za Wi-Fi. Hata hivyo balbu ya LED ya wati chache inaweza kumulikamulika ikiwa imezimwa, na dawa yake ni kapasita ndogo inayofungwa kwenye taa, ambayo mara nyingi huja ndani ya boksi la swichi. Ukishakuta nyumba nzima haina nyutro kwenye swichi, mzani unaelemea kwenye habu.

6. Toa uamuzi

Soma karatasi yako sasa. Nitakuonyesha jinsi ninavyoamua kwa watu niliowataja mwanzo.

Mama wa Buhongwa ana balbu tatu za Wi-Fi, ruta ya 4G isiyotoka nyumbani, hana kitu cha betri, na anachotaka ni ratiba. Hahitaji habu. Nilimwambia abaki na hela yake anunue mini UPS ya ruta, kiboksi cha betri kinachoilisha umeme ukikatika.

Kijana wa Isamilo anahitaji. Sensa zake sita ni za Zigbee, alama iko kwenye boksi, na hakuna programu atakayoipakua ambayo itaipa simu yake redio isiyokuwa nayo. Habu moja tu inatosha.

Mwenye nyumba ya wageni ndiye anayeniuma. Aliambiwa mawimbi hayafiki vyumba vya nyuma, akauziwa habu ya pili. Habu ya pili haiongezi nguvu ya ile ya kwanza. Inajenga mtandao wake mwingine, na vifaa vya huku havipitishi ujumbe wa kule. Alichohitaji ni plagi mbili za Zigbee kwenye korido.

Niongeze wa nne, kwa kuwa anafanana na wafanyabiashara wengi wa ufukweni. Anauza samaki karibu na Mwaloni wa Kirumba, ana friza ya sangara, anataka simu ilie joto likipanda. Kifaa chake ni kimoja tu, na watu wangesema ruta inatosha. Mimi nilisema habu. Sababu ni kwamba saa anayoihitaji taarifa ni saa ileile umeme umekatika, na taarifa lazima ipite kwenye sensa, habu, ruta, ndipo ifike kwake. Sensa ina betri yake. Habu na ruta tukavipa umeme wa akiba. Pia tulichagua sensa yenye waya wa kuingiza ndani, kiwiliwili chake kikabaki nje. Ukiiweka sensa yote ndani ya friza, bati linameza mawimbi na baridi inaua betri.

Kamera hazipo kwenye hesabu hii. Kamera ya Wi-Fi haihitaji habu ya Zigbee. Inahitaji kadi ya kumbukumbu ili isile bando kwa kupakia video mchana kutwa.

7. Kama ni ndiyo, chagua habu kwa kufuata ulichoandika

Habu za bei nafuu za familia ya Tuya zinaingia kwenye programu ya Smart Life, na kwa mtu anayeanza ni njia nyepesi. Zipo zinazoendesha amri zake ndani ya nyumba, zipo zinazotegemea seva. Muulize muuzaji, kisha rudia hatua ya nne ukishaifunga, ndiyo ithibati pekee.

Habu za mtengenezaji mmoja, kama Hue Bridge ya Philips, ni tulivu na hufanya kazi bila intaneti. Ile ya kawaida ya mraba inabeba taa 50 hivi, lakini inataka kebo kutoka kwenye ruta. MiFi ya mfukoni haina tundu la kebo. Angalia kwanza.

Njia ya tatu ni Home Assistant, programu ya bure iliyoanza mwaka 2013, unayoiweka kwenye kompyuta ndogo kama Raspberry Pi na kuchomeka kifimbo cha USB cha Zigbee. Naipenda kuliko zote, kwa sababu inaunganisha vifaa vya kampuni tofauti na uamuzi wote unabaki ndani ya kuta zako. Lakini inataka mtu wa kuihudumia. Kama nyumbani hakuna mwenye moyo huo, usiifunge kwa ajili ya sifa.

Utaona pia neno Matter kwenye maboksi mapya, kiwango kilichotoka mwaka 2022 ili vifaa vya kampuni mbalimbali vielewane. Kifaa cha Matter kinachotumia Wi-Fi hakihitaji habu ya Zigbee. Kilichoandikwa Thread, lugha nyingine ya redio, kinahitaji kifaa kingine cha kukiunganisha na mtandao wako, kwa hiyo usikinunue ukidhani kitaongea na ruta moja kwa moja.

Onyo kwa mwenye ndugu wa kumletea mizigo kutoka Marekani: vifaa vya Z-Wave (nayo ni lugha ya redio kama Zigbee) vya Marekani na vya Ulaya vinatumia masafa tofauti, haviongei kabisa. Zigbee ya GHz 2.4 haina tatizo hilo.

8. Iweke mahali pake, uipe umeme wa akiba

Katikati ya nyumba, juu ya kabati, si nyuma ya TV. Itenge na ruta angalau mita moja, kwani Wi-Fi na Zigbee zinagombania masafa yaleyale ya GHz 2.4. Kama unatumia kifimbo cha USB, kitoe kwenye kompyuta kwa waya wa kurefusha, hasa kama tundu ni la USB 3.0, maana linapiga kelele za redio jirani yake. Kabla hujaunga kifaa chochote, chagua chaneli ya Zigbee. Namba 25 iko nje ya chaneli 1, 6 na 11 ambazo Wi-Fi nyingi hutumia.

Habu nyingi hutumia chaja ya volti 5, umeme kidogo mno. Mini UPS moja yenye matundu ya volti 5 na 12 inaweza kulisha habu na ruta pamoja, lakini linganisha kwanza volti ya ruta yako na ya tundu. Pawabanki inafaa pale tu inapoweza kutoa umeme huku inachajiwa, na nyingine hujizima zikiona mzigo ni mdogo. Jaribu kwa saa nzima kabla ya kuiamini. Kwa Raspberry Pi akiba hii si hiari: umeme ukikatika ghafla mara kadhaa, kadi ya kumbukumbu inaweza kuharibika na mipangilio yako yote ikaenda. Weka nakala kwenye kompyuta nyingine.

Radi za ziwani usiku mnazijua. Funga gadi nzuri kwenye soketi ya ruta na habu, na mvua kubwa ikianza usione aibu kuchomoa.

9. Unga kwa mpangilio huu

Anza na vifaa vya umeme wa ukutani, kuanzia vilivyo karibu na habu kwenda mbali, kwa kuwa hivyo ndivyo vitakavyobeba ujumbe. Viache usiku mmoja. Kesho yake unga vya betri, kila kimoja kikiwa mahali kitakapokaa. Ukiziunga sensa zote mezani kisha ukazisambaza, baadhi zitaendelea kung'ang'ania njia ya mezani na kupotea.

Kipe kila kifaa jina ambalo bibi akilisoma anaelewa: "Taa ya jikoni", si "Plug 4". Na swichi za kawaida zinazolisha balbu za Zigbee zifunike au ubandike karatasi. Mtu akizima balbu kwa swichi, ameondoa pia daraja la sensa zilizokuwa zinapitia hapo.

Usipitishe kwenye plagi janja ya ampea 16 kitu kinachozidi wati 3,680. Hita za kuogea nyingi zinakaribia hapo au zinapita. Pampu ya kupandisha maji kwenye tangi, hata kama wati zake ni ndogo, huvuta umeme mara kadhaa zaidi inapoanza. Mwambie fundi aweke kontakta, yaani swichi ya umeme mzito, kisha swichi janja iamrishe kontakta.

Ikigoma

*Balbu ya Wi-Fi haiungi.* Karibu kila mara simu iko kwenye GHz 5 na balbu inajua 2.4 tu. Ingia kwenye ruta, tenganisha majina ya mitandao miwili, unga simu kwenye 2.4, jaribu tena. Kama bado, rudi hatua ya tatu uhesabu nafasi.

*Programu inasema kifaa hakipo, ila swichi inafanya kazi.* Umebadilisha jina la Wi-Fi au nenosiri, au umeleta ruta mpya. Ipe ruta mpya jina na nenosiri la zamani, herufi kwa herufi, vifaa vya Wi-Fi vitarudi vyenyewe.

*Baada ya umeme kurudi, vifaa vichache havionekani.* Subiri dakika tano. Ruta ya laini inachelewa kupata mtandao. Kama hali inajirudia kwa vilevile, viko mbali.

*Sensa ya Zigbee inapotea kila baada ya siku kadhaa.* Badilisha betri kwanza, kwa betri nzuri, za bei ya chini sana hufa haraka. Ikiendelea, weka plagi ya Zigbee kati yake na habu, kisha iunge upya ikiwa hapohapo ilipo. Angalia pia kama kuna mtu anazima balbu iliyokuwa daraja.

*Sensa haiungi kabisa hata karibu na habu.* Soma boksi. Kama limeandikwa Bluetooth, Thread au 433 MHz, hiyo si Zigbee na haitaunga. Kama ni Zigbee kweli, bonyeza kitufe chake cha kuiseti upya mpaka taa imulike haraka. Yawezekana iliwahi kuungwa kwenye habu nyingine dukani.

*Taa zinachelewa sekunde mbili tatu kutii.* Amri inapita ng'ambo. Rudia jaribio la hatua ya nne kwa amri hiyo peke yake. Ikifa bila intaneti, ama uihamishie kwenye habu, ama ukubali kusubiri.

*Umehama nyumba, au unampangisha mtu.* Futa kila kifaa kwenye programu yako kabla hujakabidhi funguo. Mpangaji wa Mkolani alikaa mwezi mzima na taa zinazoweza kuzimwa na mwenye nyumba wa zamani kutoka Dodoma, na hakuna kati yao aliyejua.